Mbona hata wakubwa wa kaunti wanaomba Austin?

Karibuni tena. Barua tatu za mwezi huu zimetoka Texas, na ingawa walioziandika hawajuani, zote zinatupeleka kwenye chumba kimoja: pale makamishna wa kaunti wanapokaa kupanga wataliomba nini bunge la jimbo kule Austin. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kumi na tatu nimekaa kwenye viti vya nyuma vya vyumba hivyo, nikinong'ona Kiswahili kwenye sikio la mtu. Nitajibu kwa niliyoyaona, na kwa sheria ilivyoandikwa.

*Jambo Mama. Mimi ni baba wa watoto wanne, mtu wa Uvira. Mwaka juzi tulitoka mjini tukanunua kiwanja na nyumba ya treila nje ya mpaka wa jiji, maana huko bei ilikuwa afadhali. Mvua ikinyesha barabara yetu inakuwa mto. Basi la shule halifiki, watoto wanakanyaga matope mpaka barabara kuu. Nikaenda kwenye mkutano wa makamishna wa kaunti, nikapewa dakika tatu, nikasema yote. Walinitazama tu. Hakuna aliyefungua kinywa, wakaita jina la mwingine. Nilipotoka, kijana wa ofisi akaniambia barabara ile si ya kaunti, na kwamba mambo ya mitaro wameyatia kwenye "vipaumbele vya bunge". Mama, kodi ya nyumba ninalipa kila mwaka. Hawa ni wakubwa, wana bendera na mlinzi mlangoni. Wao nao wanamwomba nani? Na kwa nini walininyamazia kama mtu bure?*
Baba wa wanne, nje ya mji

Baba yangu, nianze na ule ukimya, maana naona umekuuma kuliko matope.

Texas ina sheria ya mikutano ya wazi. Inataka ajenda ibandikwe si chini ya siku tatu za kazi kabla ya mkutano, ili kila mtu ajue kitakachozungumzwa. Mtu akisimama na jambo ambalo halimo kwenye ajenda, makamishna hawaruhusiwi kulijadili. Wanaruhusiwa kutoa taarifa ya ukweli inayohusu swali lake, kutaja utaratibu uliopo, au kupendekeza jambo liwekwe kwenye ajenda ya siku nyingine. Basi. Wakianza kukuuliza basi la shule linakwama wapi na wafanye nini, tayari wameivunja sheria. Nia yake ni njema, wasije wakaamua mambo ya watu kwa kushtukiza. Lakini nawalaumu kwa kitu kimoja. Mwenyekiti angeweza kusema, "Bwana, sheria inatuzuia kulijadili leo, karani atachukua namba yako ya simu," nawe ungerudi nyumbani na moyo wako mzima. Nimeona watu wazima wakitoka pale wanalia kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo.

Sasa hilo la kuomba. Chombo ulichokiendea watu wa Texas wanakiita korti ya makamishna, na jina hilo limewatisha wengi wetu tunaokwepa korti za kila aina. Ni serikali ya kaunti. Jaji wa kaunti ndiye mwenyekiti, naye huchaguliwa na kaunti nzima. Makamishna wanne kila mmoja huchaguliwa na eneo lake. Mpango huo wa jaji mmoja na makamishna wanne uliwekwa na katiba ya jimbo ya 1876, na ni uleule kwa kaunti zote 254. Kaunti ya Harris, ilipo Houston, ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 4.7 mwaka 2020. Kaunti ya Loving, kule magharibi kwenye visima vya mafuta, ilihesabiwa watu 64. Kote wanakaa watano mezani.

Na kote wanafanya yale tu ambayo bunge la jimbo limewaruhusu kwa maandishi. Mji wa Texas ukizidi watu 5,000 unaweza kujiandikia katiba yake na kutunga sheria ndogo zake. Kaunti haiwezi, hata iwe na mamilioni ya watu. Ndiyo sababu huko mlikohamia bei ilikuwa nafuu, na ndiyo sababu mtu anaweza kufungua machimbo ya kokoto karibu na dirisha lako na kamishna akakosa kifungu cha kumzuia: isipokuwa sehemu chache, kaunti za Texas hazina mamlaka ya kupanga nini kijengwe wapi. Kamishna uliyemwona na bendera nyuma yake akitaka kufanya jambo jipya kwa ajili yako, inabidi aende Austin akaombe sheria.

Austin yenyewe haifunguki kila siku. Bunge la Texas lina wawakilishi 150 na maseneta 31, na linakutana kwa kikao cha kawaida katika miaka ya witiri tu, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Kikao kijacho kinaanza tarehe 12 Januari 2027 na lazima kiishe kufikia 31 Mei. Miswada inaanza kupokelewa Novemba 2026, Jumatatu inayofuata uchaguzi mkuu, na siku ya 60 ya kikao mlango unafungwa kwa miswada mingi mipya. Ukikosa hapo, unangoja 2029, labda gavana aite kikao maalumu, na ajenda ya kikao hicho anaipanga yeye.

Kwa hiyo kaunti nyingi huandaa mapema orodha ya watakayoomba, ndivyo hivyo "vipaumbele vya bunge" ulivyotajiwa, kiangazi na vuli ya mwaka wa shufwa, kabla kikao hakijafunguliwa. Nimeona inavyopikwa. Ofisi ya jaji wa kaunti, au mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, anaandikia idara zote: mna shida gani ambayo dawa yake ni sheria? Sherifu analeta zake, karani wa kaunti zake, mhandisi wa barabara zake, watu wa afya zao. Makaratasi yanachambuliwa, mengine yanatupwa, mengine yanabadilishwa maneno mpaka mwenyewe hayatambui. Mwisho rasimu inapelekwa kwenye korti ya makamishna, inajadiliwa, inapigiwa kura. Ndani yake utakuta maneno mawili yanarudiarudia: "tunaunga mkono" na "tunapinga". Siku ya kura hiyo jambo limo kwenye ajenda, kwa hiyo siku hiyo, Baba, midomo yao iko huru.

Ungeisoma moja ya orodha hizo ungeshangaa jinsi zinavyofanana kati ya kaunti na kaunti. Kodi huwa juu. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kaunti inaishi kwa kodi ile unayolipa ya nyumba na ardhi. Mwaka 2019 bunge lilipitisha sheria inayosema kaunti ikitaka mapato yake ya kodi hiyo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, bila kuhesabu majengo mapya, ni lazima wapiga kura waulizwe. Zamani kiwango kilikuwa asilimia 8. Mwenye nyumba anaishukuru sheria hiyo, na mimi nina nyumba, sitajifanya siielewi shukrani yake. Ila makamishna wanalalamika kwamba wakati huohuo jimbo linaendelea kuwatwisha kazi bila fungu. Mfano ni mawakili wa watu maskini waliokamatwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema tangu 1963 kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Texas ikatunga sheria yake ya kuusimamia utetezi huo mwaka 2001. Na hadi leo sehemu kubwa ya gharama inatoka mfuko wa kaunti. Aliyealika wageni ni mmoja, anayechinja mbuzi ni mwingine, na hapo nawaunga mkono makamishna bila kusitasita.

Jambo jingine utakaloliona ukisoma miswada ya kaunti ni lugha ya ajabu. Katiba ya Texas inazuia bunge kutunga sheria ya mahali pamoja kwa jina, isipokuwa katika mambo machache. Basi mbunge anayeisaidia kaunti yake anaandika "kaunti yenye watu zaidi ya kiasi fulani, iliyopakana na kaunti yenye watu kiasi fulani," mpaka ibaki moja tu inayoingia kwenye maelezo hayo. Nimewahi kumfasiria mzee mmoja mswada wa namna hiyo, akaniuliza kwa nini wanasema mafumbo kama wanaogopa. Nikamwambia wanaikwepa katiba kwa heshima.

Turudi kwenye barabara yako, maana kuna jambo ambalo kijana yule wa ofisi hakukuambia. Inavyoelekea, mwenye shamba aliligawa, akauza viwanja, akachonga njia, na kaunti haikuipokea njia hiyo kuwa yake. Katiba ya jimbo inakataza kutumia fedha za umma kwa mali ya watu binafsi, kwa hiyo dereva wa greda ya kaunti akiingia kwenu kwa huruma tu, bosi wake yuko matatani. Lakini bunge limekwisha kuacha mlango. Sura ya 253 ya Sheria ya Uchukuzi ya Texas inairuhusu korti ya makamishna kutengeneza barabara ya viwanja vilivyo nje ya jiji na kuwagawia wenye viwanja gharama, baada ya kufanya mkutano wa hadhara na wenye viwanja kupiga kura kwa posta. Ikishatengenezwa inakuwa barabara ya kaunti, na kuitunza ni juu ya kaunti. Gharama si ndogo, nakuambia wazi, na majirani wakiikataa kwa kura hakuna kitu. Hata hivyo hii ni sheria iliyopo leo, haingoji 2027.

Nenda kwa kamishna wa eneo lako, ofisini kwake na si kwenye mkutano. Omba uonyeshwe ramani ya viwanja iliyosajiliwa kwa karani wa kaunti, na uulize kama barabara iliwahi kupokelewa. Kama haikupokelewa, uliza kuhusu Sura ya 253. Kama shida hasa ni maji yanayoshuka kutoka kiwanja cha mtu wa juu, na kaunti inasema haina nguvu juu yake, hapo ndipo orodha ya bunge inapokuhusu. Waulize rasimu itajadiliwa tarehe gani. Siku hiyo usiende na hadithi yote. Nenda na picha zenye tarehe, karatasi ya shule inayoonyesha siku ambazo basi halikufika, na sahihi za majirani, hata kama ni nyumba saba. Kisha sema sentensi moja ya unachotaka sheria iseme. Makamishna wanasikia malalamiko kila wiki, ila mtu anayekuja na sentensi ya kuandika kwenye orodha yao wanamwona mara chache sana, na nimeona wakiinua kalamu.

*Bi Mkalimani, sifa zako tumezisikia. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, sasa niko Texas na kazi yangu ni ya lori. Huko kwetu kaunti ina gavana, ina bunge lake, inapitisha sheria na bajeti. Huku kaunti kubwa kuliko ya kwetu inapiga magoti kwa jimbo. Tena nasikia wanalipa wapiga debe kwa pesa ya kodi wakawasemee Austin. Hiyo si kuniibia?*
Dereva

Ndugu dereva, jina limefanana, vitu ni tofauti. Kaunti 47 za Kenya zimepewa kazi zao na katiba ya 2010 yenyewe, zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Nne, na katiba hiyohiyo inasema zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Nairobi ikitaka kuwanyang'anya itabidi ipambane na katiba. Huku Marekani wanarudi kwenye maneno ya jaji mmoja wa Iowa, John Dillon, aliyeamua mwaka 1868 kwamba serikali za mitaa zina yale tu waliyopewa na jimbo, na jimbo lililowapa linaweza kuyachukua. Majimbo mengine yamelegeza, Texas kwa kaunti zake haijalegeza. Kwa hiyo gavana wa Nakuru na jaji wa kaunti ya Texas wakikutana, wa Nakuru ndiye mwenye sauti ya kutunga sheria.

Kuhusu wapiga debe, si wewe peke yako. Mwaka 2019 Seneti ya Texas ilipitisha mswada wa kuzikataza serikali za mitaa kulipa watu wa namna hiyo kwa kodi, Baraza la Wawakilishi likaukataa, na hoja hiyo imekuwa ikirudi. Mimi nina msimamo wangu. Kampuni kubwa na vyama vya wafanyabiashara vina watu wao kwenye korido zile kuanzia asubuhi hadi usiku. Kamishna wa kaunti ndogo huko mashambani anasimamia barabara, greda na bajeti, na wengine wana mashamba yao. Hawezi kukaa Austin siku 140 akingoja kamati iliyopangwa saa nne asubuhi ikutane saa sita usiku, na nimewahi kungoja kamati ya namna hiyo. Akikatazwa kutuma mtu, atakayesikika ni yule mwenye mtu. Lakini una haki ya kujua analipwa nani, shilingi ngapi (huku dola), kwa kazi ipi. Mkataba ni waraka wa umma, uombe kwa maandishi. Na kama kaunti yako inamtuma mtu Austin bila kwanza kupiga kura hadharani juu ya anachokwenda kuomba, hapo nitakuwa upande wako.

*Shikamoo Mama. Naishi na mama yangu mzazi, alikuja kutoka Tabora miaka minne iliyopita. Hana uraia wa hapa na Kiingereza hakijui. Kaunti itajadili orodha ya mambo ya kupeleka bungeni na kuna jambo la afya analotaka kulisemea. Nimemwambia atulie nyumbani asijiletee matatizo. Je, nimekosea?*
Binti wa Tabora

Marahaba mwanangu. Hofu yako naielewa, na sitakucheka kwa kumlinda mama. Ila ndiyo, umekosea.

Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inataka kila chombo cha namna hii kimruhusu mtu anayetaka kuzungumza juu ya jambo lililo kwenye ajenda azungumze, kabla au wakati jambo hilo linapojadiliwa. Maneno ya sheria ni "mtu wa umma". Halikuandikwa neno raia, wala mpiga kura. Na kuna kifungu ambacho natamani kila nyumba ya Waswahili Texas ikibandike kwenye friji: chombo kikiweka kikomo cha muda, mtu anayezungumza kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama kuna vifaa vya kutafsiri papo hapo. Wengine dakika tatu, mama yako sita. Ni Kifungu 551.007 cha Sheria ya Serikali. Kichapishe, kiweke kwenye mkoba. Kwenye karatasi ya kujiandikisha andika waziwazi kwamba atazungumza Kiswahili kwa mkalimani, na piga simu siku mbili kabla uulize kama kaunti inatoa mkalimani au uje na wako. Usimfasirie wewe kama unaweza kumpata mwingine. Binti anapomfasiria mama yake hulainisha maneno, nami nilifanya hivyo kwa mama yangu, Mungu amrehemu.

Nikuambie la mama mmoja wa Kikongo niliyemfasiria, katika kaunti nisiyoitaja. Mwanawe alikamatwa akiwa mgonjwa wa akili. Korti ikaona hawezi kuelewa kesi yake, ikaamuru apelekwe hospitali ya jimbo atibiwe kwanza. Hospitali ikawa haina kitanda. Kijana akabaki jela ya kaunti akingoja, na kila siku aliyongoja kaunti ilimlisha na kumlinda, hospitali ikiwa ya jimbo. Ndiyo maana vitanda vya hospitali za jimbo utavikuta kwenye orodha za kaunti nyingi, za Republican na za Democrat, nami ningetamani viwe namba moja kila mahali. Siku orodha ilipojadiliwa, mama huyo alipokwenda kusema, vilikuwa namba tisa.

Dakika tatu zilipotimia karani akatukata. Nikasimama na karatasi yangu, nikakisoma kifungu kwa Kiingereza, sauti ikinitetemeka. Mwanasheria wa kaunti akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, na jaji wa kaunti akasema, "Endelea, mama." Na kwa kuwa jambo lilikuwa kwenye ajenda, kamishna mmoja aliweza kumuuliza swali: mwanao amengoja muda gani?

Nilimfasiria swali. Hakujibu kwa mdomo. Akafungua mkoba akatoa kalenda ya kanisa, ile ya kutundika ukutani, ikiwa imekunjwa mara nne, akaanza kuhesabu misalaba midogo ya kalamu nyekundu kwa Kiswahili, taratibu, mwezi baada ya mwezi, nami nikimfuata kwa Kiingereza. Jaji aliinua mkono kumzuia karani asiguse saa. Ilifika mia mbili na kumi na moja. Walipopiga kura saa moja baadaye, vitanda vilikuwa namba mbili.